Jeni za baridi yabisi: tusichanganye mafungu mawili

Asante, mwenyekiti. Walionisikia siku nyingine wanajua nitaanzia wapi, basi wanivumilie. Dalili za baridi yabisi sitazieleza. Vidole vinavyovimba na kukakamaa kila asubuhi mnavijua, na baadhi yenu mmekuja navyo. Nataka tushughulike na swali ninaloulizwa kila nikishuka jukwaani: "Daktari, mama yangu anao ugonjwa huu, je, nami nimeurithi?"

Huwa nauliza kwanza: mama ana upi? Mtu hunikodolea macho. Upi tena? Kwani iko mingapi?

Iko miwili, kwa uchache. Kuna ule ambao damu ya mgonjwa ina kingamwili zinazogeukia protini za mwili wake mwenyewe. Huyu ukimpima anti-CCP, kipimo cha damu cha kingamwili hizo, anatoka chanya, na mara nyingi RF, kipimo cha kingamwili nyingine, nayo chanya. Halafu kuna ule ambao vipimo vyote viwili ni hasi, ilhali viungo vimevimba vilevile. Ukiutazama mkono huwezi kujua ni upi. Ukizitazama jeni, ni habari mbili mbalimbali, na kwa miaka mingi tumezitia kapu moja kisha tukashangaa mbona majibu ya tafiti hayaeleweki.

Nianze na ule wenye kingamwili, maana kisa chake ni kitamu na nakipenda, siwafichi. Mwaka 1969 watafiti wawili, Astorga na Williams, walichukua chembe nyeupe za damu za wagonjwa wasio na undugu wowote wakazichanganya. Kwa kawaida chembe za watu wawili baki zikikutana zinahisi ugeni, zinachachamaa, zinaanza kugawanyika kwa fujo. Za wagonjwa hawa zilitulia kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba zinafahamiana. Na kweli zilikuwa zinafahamiana! Peter Stastny aliufuata uzi huo, na mwaka 1978 akaonyesha kwamba wagonjwa wengi walibeba alama iitwayo DR4, wengi kuliko watu wasio na ugonjwa. DR4 ni mojawapo ya protini za HLA, ambazo jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Kazi ya protini hizi ni kushika kipande cha protini nyingine na kukionyesha kwa chembe T, askari wa kinga ya mwili: hiki ni chetu, au ni cha mgeni?

Sasa kulikuwa na kikwazo. Wapo wagonjwa wasio na DR4 kabisa. Wengine wana alama nyingine za HLA: DR1, au DR10. Wenye haraka wakasema nadharia imekufa. Haikufa. Mwaka 1987 Gregersen, Silver na Winchester waliacha kutazama majina ya alama, wakatazama asidi amino zenyewe, moja baada ya nyingine, kwenye DRB1, mnyororo mmoja unaojenga protini hizi za DR. Nafasi ya 70 hadi ya 74. Mnyororo huu una matoleo mengi, yanayoitwa kwa namba. Katika toleo la 04:01, la jamii ya DR4, utakuta glutamini, lisini, arginini, alanini, alanini. Katika 04:04, nalo la DR4, na 01:01, la DR1, lisini inaondoka inaingia arginini, mengine yanabaki. Katika 10:01, la DR10, ni arginini tatu mfululizo, kisha alanini mbili. Asidi tano tu, kwenye mnyororo wenye zaidi ya mia mbili, na matoleo yenye majina tofauti yanakutana hapo hapo! Na lisini na arginini zote zina chaji chanya. Lishikeni hilo, nalirudia sasa hivi.

Tishu ikisumbuliwa kwa muda mrefu, mathalani mapafu ya mvuta sigara au fizi zilizooza, kuna vimeng'enya viitwavyo PAD vinavyoingia kwenye protini na kuigeuza arginini kuwa sitrulini. Badiliko lenyewe ni dogo mno. Arginini ina chaji chanya, sitrulini haina. Lakini kumbukeni zile asidi tano: zimekaa ukingoni mwa mfuko mdogo ambamo HLA inashikia kipande chake, na zimeupa mfuko huo chaji chanya. Chanya kwa chanya hufukuzana. Kipande chenye arginini hakikai vizuri. Kikigeuka kuwa na sitrulini, kinakaa. Picha za fuwele za molekuli hizi, zilizochapishwa mwaka 2013, zimeonyesha jambo hilo wazi. Basi mtu aliyerithi mfuatano huu ana HLA inayopokea kwa urahisi vipande vya sitrulini na kuvionyesha kwa chembe T. Chembe T zikiamka zinazisukuma chembe B, watengenezaji wa kingamwili, nazo zinazitoa. Anti-CCP inapima kingamwili hizo hizo za sitrulini, si kitu kingine. Na huonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole cha kwanza hakijavimba.

Ndiyo maana matokeo ya Klareskog na wenzake wa Uswidi, ya mwaka 2006, huwa nayataja kila mahali, hata nisipoombwa. Mvuta sigara mwenye nakala mbili za mfuatano ule, moja ya baba na moja ya mama, alikuwa na hatari mara 21 ya kupata baridi yabisi yenye kingamwili, akilinganishwa na asiyevuta na asiye na nakala hata moja. Mara 21! Na kwa ile isiyo na kingamwili? Hapakuwa na ongezeko. Si kwa sigara, si kwa mfuatano, si kwa vyote viwili pamoja. Sasa niambieni, kwa nini tuendelee kuyahesabu mafungu haya kama kitu kimoja?

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: babu yako alivuta maisha yake yote na viungo vyake vilikuwa vizima. Sawa, nafurahi kwa ajili yake. Ila jeni za babu sijaziona, na mara 21 ya kitu kidogo bado inawaacha wengi salama. Ugonjwa huu wote huwapata kama watu 5 hadi 10 katika kila 1,000. Hatari kubwa haimaanishi lazima.

Na hapa lazima niwajibu wale waliosoma mahali kwamba ugonjwa huu "unarithiwa kwa asilimia 60", wakakata tamaa. Asilimia 60 ilitokana na hesabu za mapacha. Inazungumzia ni kiasi gani cha tofauti baina ya watu, katika kuelekea kuugua, kinaelezwa na tofauti za jeni zao. Haisemi mtoto wa mgonjwa ana nafasi 60 kati ya 100. Mnataka namba ya kulalia usingizi? Tazameni mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1993 ulikuta kwamba pacha mmoja akiugua, mwenzake anaugua katika jozi kama 15 kati ya 100. Jozi 85 mwenzake hana! Kwa mapacha wasiofanana ni kama 4. Jeni zina mkono wake, nani anabisha? Lakini haziko peke yake.

Jeni nyingine nitazipitia mbio. Jeni ya PTPN22, mwaka 2004: kwenye nafasi ya 620 ya protini yake arginini imebadilika kuwa triptofani, na badiliko hilo hilo linaongeza hatari ya kisukari cha aina ya kwanza. Ni la pili kwa nguvu baada ya HLA kwa watu wa asili ya Ulaya. Kwa Waasia wa Mashariki na kwa Waafrika ni adimu sana. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo kilichotengenezwa kwa takwimu za Wazungu, muulize kinakuhusu nini. PADI4, jeni ya kimojawapo cha vile vimeng'enya vya PAD, iligunduliwa Japani mwaka 2003. Mwaka 2014 uchambuzi wa watu zaidi ya 100,000 ulifikisha maeneo 101 yanayohusishwa na ugonjwa huu kwenye jenomu, yaani jeni zote za mtu kwa jumla. Sitawasomea yote 101, tulieni.

Fungu lisilo na kingamwili nimelipunja, kama kawaida, na si mimi tu. Uswidi mwaka 2013 walikadiria kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 50 ya fungu lenye kingamwili, na takriban 20 tu ya hili. Zimetajwa HLA-DRB1*03, toleo jingine la DRB1, na jeni ya IRF5, basi. Mimi nadhani shida moja ni kwamba fungu hili lenyewe ni mchanganyiko: ndani yake wamejificha wenye ugonjwa wa viungo unaoambatana na soriasisi, na wengine wenye ugonjwa wa uti wa mgongo ambao bado haujajionyesha. Lakini kumwambia mgonjwa mwenye vipimo hasi kwamba haumwi, na vidole vyake vimevimba mbele yako, huko ni kutojua kazi.

Watoto nao huugua viungo: yule aliyevimba viungo vingi na RF chanya ana jeni zile zile za mtu mzima, 04:01 na jamaa zake. Aliyevimba viungo vichache mara nyingi ana DRB1*08 au *11, nasaba nyingine kabisa. Mwenye maumivu pale kano zinaposhika mfupa, mtafutieni HLA-B27, alama nyingine ya HLA.

Mwenyekiti ananionyesha saa, naiona. Ugonjwa wa Felty, pale baridi yabisi inapoambatana na wengu kuvimba na chembe nyeupe kupungua, nauacha. La mapafu siliachi: mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba badiliko kwenye jeni ya MUC5B, lile lile la wagonjwa ambao mapafu yao hupata makovu bila sababu kujulikana, linaongeza hatari ya makovu ya mapafu kwa wenye baridi yabisi. Kwa hiyo mgonjwa akikwambia siku hizi anahema akipanda ngazi, usimwambie ni uzee. Mpeleke akapigwe picha ya kifua. Haya, maswali.