Horace King, fundi wa madaraja

Vijana wangu wa ujenzi, asanteni kwa kunialika. Leo nimekuja na mtu mmoja tu: Horace King, aliyezaliwa mtumwa huko South Carolina, Marekani, mwaka 1807.

Bwana wake, John Godwin, alikuwa mkandarasi. Mwaka 1832 Godwin alipata kazi ya daraja la Mto Chattahoochee, pale Columbus, Georgia, akaenda na King. Wakajenga pamoja miaka na miaka, hadi wenye kazi wakawa wanamuulizia King kwa jina. Hebu fikirini: watu wanaitaka mikono yako, na mikono yenyewe ina mwenyewe, naye si wewe.

Madaraja yake yalikuwaje? Chukueni tenga la kuku. Mbao zinapishana mshazari, na kila zinapokutana zinatobolewa, kinapigiliwa kigingi cha mti. Kuta mbili za namna hiyo ndizo zinazobeba njia. Juu linaezekwa paa, kwa sababu mbao ikinyeshewa kila masika itaoza tu.

Mwaka 1846 akapata uhuru. Sheria ya Alabama, jimbo alilokuwa akiishi, ng'ambo ya mto kutoka Columbus, ilimtaka mtumwa aliyeachwa huru aondoke jimboni, kwa hiyo bunge la jimbo likapitisha sheria ya King peke yake ili abaki. Aliyeipigania ni Robert Jemison, mwanasiasa aliyekuwa akimpa kazi. Mimi hapo naumia: fundi wa kiwango kile, na ruhusa ya kuishi nyumbani kwake inapigiwa kura!

Godwin alipofariki mwaka 1859, King ndiye aliyemwekea jiwe la kaburi, lenye maneno ya upendo na shukrani. Wapo wanaokasirika wakiyasoma, na nawaelewa. Ila mimi macho yangu hutua kwenye jina la aliyeliweka jiwe: ni yule yule aliyewahi kuwa mali ya marehemu.

Jengo la bunge la Alabama, mjini Montgomery, lina ngazi za mzunguko zisizo na nguzo katikati, na King anatajwa kuwa ndiye fundi wake. Baada ya Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1868, alichaguliwa mbunge wa Alabama. Mheshimiwa King, katika jengo lile lile.

Alifariki LaGrange, Georgia, mwaka 1885, wanawe wakaendelea na ukandarasi. Na kule Red Oak Creek, Georgia, daraja linalohesabiwa kuwa lake, la miaka ya 1840, bado limesimama, limeshikwa na vigingi vya mti.