Kabla Hujalipa Bili ya Maji, Funua Kifuniko cha Mita

Habarini za jioni. Najua bili ya maji si mada ya kumtoa mtu nyumbani kwake saa hizi, kwa hiyo ahsanteni. Hebu nyoosheni mikono: nani amelipa bili ya mwezi uliopita? Haya, karibu nyote. Na nani alisoma mita kwanza? Naona mikono miwili, na mmoja ni wangu.

Basi tuanzie hapo. Funua kifuniko, pangusa vumbi. Kwenye mita nyingi za nyumbani utakuta tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyekundu ni vipande vya uniti, achana nazo. Nyeusi ndizo za bili: ikiongezeka moja, zimepita lita 1,000, yaani uniti moja.

Sasa shika bili. Usomaji uliopita 412, wa sasa 461. Unadaiwa uniti 49. Unakwenda kwenye mita, wiki nzima imeshapita tangu isomwe, unakuta 435. Msomaji aliona 431 akaandika 461. Piga picha tarakimu hizo pamoja na namba ya mita yenyewe, uwapelekee watoa huduma ya maji kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukienda na picha, mazungumzo huwa mafupi.

Linaloumiza zaidi ni makadirio. Msomaji kakuta geti limefungwa na mbwa anabweka, kakisia. Tuseme mnatumia uniti 18 kwa mwezi, yeye akaandika 10, miezi mitatu mfululizo. Mnafurahia bili ndogo. (Mimi bili ndogo isiyo na sababu hunikosesha usingizi kuliko kubwa.) Mwezi wa nne anaingia ndani, anasoma kweli: 18 za mwezi huo na 24 zilizorukwa, jumla 42. Watoa huduma wengi hutoza kwa ngazi, uniti za mwanzo nafuu, za juu ghali. Kwa hiyo zile 24 zinaangukia ngazi ya ghali kana kwamba mmezimwaga kwa mwezi mmoja! Uniti ni zenu, msizikatae. Ombeni zigawanywe kwenye miezi yake, kila mwezi upigiwe hesabu kwa ngazi yake. Na mkiona neno "makadirio" kwenye bili, hata kwa maandishi madogo, pelekeni usomaji wenu siku hiyo hiyo.

Mita ikilingana na bili na bado bili ni kubwa, shuku uvujaji. Usiku fungeni koki zote, andikeni tarakimu, nyekundu pia. Asubuhi angalieni tena. Zikiwa zimesogea, mtuhumiwa wa kwanza ni choo. Tia rangi kidogo kwenye tangi lake, usivute maji, rudi baada ya robo saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira umechoka. Kwa kawaida bomba likishapita mita, uvujaji ni wako.

Kulipa kwenyewe hakuna mengi. Niliwahi kulipa kwa simu nikakosea tarakimu moja ya akaunti, nikamlipia maji mtu nisiyemjua. Kurudishiwa pesa kulinichukua safari nne dirishani. Siku hizi sibonyezi mpaka jina langu litokee.

Mama, mwenzangu wa kusoma mita, naona mkono bado uko juu. Karibu, uliza.