Israel Gelfand: Aljebra Ilipopewa Kazi ya Uchanganuzi

Asanteni. Muda ni mfupi, na mtu ninayetaka kumzungumzia alifanya hisabati kwa zaidi ya miaka 70, kwa hiyo nitaruka mengi.

Israel Gelfand alizaliwa mwaka 1913 kusini mwa Ukraine, enzi hizo ikiwa chini ya dola ya Urusi. Sekondari hakuimaliza. Shahada ya kwanza hakuisoma kabisa. Mwaka 1930 aliingia Moscow akiwa na miaka 16, akaishi kwa vibarua, kimojawapo cha bawabu wa Maktaba ya Lenin. Mwaka 1932 akapokelewa moja kwa moja kwenye masomo ya juu, chini ya Andrei Kolmogorov, mwanahisabati mashuhuri wa Kisovieti. Msiniulize fomu ya maombi aliijazaje.

Kabla ya hapo kuna kisa alichokisimulia mwenyewe. Akiwa na miaka kama 15 alitakiwa kwenda Odessa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Akawagomea wazazi: haendi mpaka anunuliwe kitabu cha hisabati ya juu. Akakisomea kitandani. Humo akakuta kwamba sini ya pembe, ambayo yeye aliijua kwa michoro ya pembetatu tu, inaandikika hivi: x, toa x³/6, jumlisha x⁵/120, na kuendelea bila mwisho. Hadi siku ile aliamini hisabati ziko mbili, ya michoro na ya aljebra. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya ujana wake ni kisa hichohicho kilichokua.

Twende ubaoni. Chukua fanksheni inayojirudia kila baada ya 2π, uiandike kama mfululizo wa Fourier, yaani jumla ya mawimbi sahili, kila moja na kizidishi chake. Jumlisha ukubwa wa vizidishi vyake bila kujali hasi na chanya. Jumla ikiwa na kikomo, tuiite fanksheni njema. Sasa swali: fanksheni njema isiyogusa sifuri popote, ukigawa 1 kwayo, unapata njema nyingine? Mwanahisabati wa Marekani Norbert Wiener alithibitisha kwamba ndiyo, katika makala ya 1932, na uthibitisho wake, wa uchanganuzi (hisabati ya vikomo na makadirio), unatoa jasho: unakata vipande, unakadiria kila kimoja, kisha unavishona.

Gelfand hakukata kitu. Njema ukiijumlisha na njema unapata njema, ukizizidisha vilevile. Basi zote pamoja ni aljebra moja. Katika aljebra ya namna hii, kitu hukosa kinyume (yaani 1 gawa kwacho) pale tu kinapoangukia ndani ya ideali ya upeo. Ideali ni kundi ambalo vitu vyake ukivijumlisha, au ukikizidisha kimoja kwa chochote cha aljebra, unabaki humohumo; ya upeo ni ile isiyoweza kupanuliwa bila kuwa aljebra nzima. Ideali hizo ni zipi? Kila moja huipa kila fanksheni namba changamano moja, yaani namba ya umbo a + bi. Itazame eⁱˣ, wimbi la msingi: kipimo chake, yaani ile jumla ya ukubwa wa vizidishi, ni 1, cha kinyume chake pia ni 1, kwa hiyo namba inayopewa haiwezi kuzidi 1 wala kupungua 1 kwa ukubwa. Imekaa kwenye duara la nusu kipenyo 1, ambalo kila nukta yake ni x mojawapo. Kumbe kila ideali ya upeo ni nukta ya duara, na kuwa ndani yake ni kuwa sifuri kwenye nukta ile. Fanksheni yetu haina sifuri. Haimo katika ideali yoyote. Ina kinyume. Basi.

Kila nikiandika haya, darasa hudhani nimeruka hatua. Sijaruka. Mzigo wote umebebwa na ile sentensi ya namba changamano, jambo ambalo Mpoland Stanisław Mazur naye alilitangaza mwaka 1938, mwaka uleule wa tasnifu ya udaktari ya Gelfand.

Mwaka 1943, yeye na Mark Naimark walionyesha kwamba aljebra tunazoziita leo C-nyota, hata zile ambazo AB si sawa na BA, zinaweza kusomwa kama opereta (kanuni za kugeuza vekta moja kuwa nyingine) kwenye nafasi ya Hilbert, yaani nafasi ya vekta inayoweza kuwa na vipimo visivyo na mwisho. Wanafizikia wa kwanta wanaishi humo.

Mwaka huohuo alianza semina yake ya Jumatatu jioni, Chuo Kikuu cha Moscow. Msemaji alikatizwa bila huruma, na mwanafunzi mdogo akaitwa ubaoni aeleze alichoelewa. Mimi ningerudi nyumbani.

Na mwaka 1964 akaanzisha shule ya hisabati kwa njia ya posta, kwa watoto wa sekondari walio mbali na Moscow. Alipohamia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, akiwa anakaribia miaka 80, akaianzisha tena.