Kutoka Msalaba wa Ufukweni hadi Pangoni: Namna ya Kuongoza Hija Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo.

Waongozaji wengi huteremsha watu mlangoni mwa kanisa jipya, lile la 1910 hadi 1914, kisha huwazungusha kwingine kama watalii. Hapo hija imeshaharibika. Anzeni baharini. Msalaba wa ufukweni ni kumbukumbu ya Padre Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliovuka kutoka Unguja mwaka 1868. Simameni mkiwa mmeipa bahari mgongo, kama wao walivyoipa. Muwe hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nne mchanga unaunguza, na wazee wanatafuta kivuli badala ya kusali.

Kisha njia ya miembe, iliyopandwa 1871. Hapa ni mahali pa rozari. Matendo matano ya uchungu huchukua kama dakika 20, basi tembeeni taratibu, na kila kumi lipate wabebaji wawili wapya wa msalaba. Msalaba wenyewe usiwe wa mninga. Mninga ni mzito: aliyeshika mguu wa msalaba huanza kuburuta, maandamano hukatika, na mtakuta walio mbele wako tendo la nne huku mkia ungali la pili. Watu wakizidi 40, wekeni msalishaji mmoja mbele na mwingine katikati, wasikilizane.

Mnyororo uliomezwa na mbuyu wa misheni hupigwa picha kuliko msalaba. Wengi hudhani ni wa watumwa. La: inasimuliwa kwamba Madame de Chevalier, mwanamke aliyehudumu misheni, aliufunga pale kwa ajili ya punda wake, ukasahauliwa, mti ukanenepa. Tazameni, mpite. Hapana sala pale, na magome yasibanduliwe kupelekwa nyumbani.

Kwenye mnara wa kanisa la zamani mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Yeye alikuwa Mprotestanti wa Uskoti, kwa hiyo msimwingize kwenye litania, kosa ambalo hutokea. Tendo la kukumbuka hapa ni la waliombeba. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo ukazikwa huko chini ya mti, mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani, ukafungwa kwa nguo na magome. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, wakauleta hadi pwani kwa miezi tisa hivi. Wapeni watu dakika mbili za kimya, bila spika.

Makaburini msihubiri. Mtu mmoja asome kwa sauti majina matatu na miaka iliyoandikwa, wengine wahesabu wenyewe umri. Wamisionari wengi walikufa wangali vijana, kwa homa.

Malizieni kwenye Pango la Bikira Maria, lililojengwa 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Upepo wa bahari huzima mishumaa, na nta ikishamwagikia jiwe ni kazi kuitoa. Leteni sinia pana la bati lenye mchanga wa kina cha vidole viwili, mishumaa mifupi minene, na gilasi za kuifunika pembeni. Njiti moja iwashe wa kwanza, mingine iwashwe kutoka kwake. Karatasi za nia zisichomwe pale wala kusokomezwa kwenye nyufa za mawe; zitiwe kapuni, ziende altareni pamoja na vipaji.