Ukuta Uliolowa Usiufunike

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini, mwezi Mei, mbele ya wenye nyumba, wapangaji na mafundi ujenzi.)

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za mchana. Nawashukuru kwa kuja, maana najua kuna watu humu wameacha magodoro uani na roho zao ziko huko huko.

Nianze na neno ambalo mafundi wenzangu hawatalipenda. Nyumba nyingi ninazoitwa kuziangalia, hapa Mtwara na kule Lindi, zimeharibiwa na matengenezo kuliko zilivyoharibiwa na mvua. Maji yaliingia usiku, asubuhi yakatoka. Wiki ya pili fundi akaja na simenti, akaziba, akapiga skimu, akapaka rangi. Maji yaliyokuwa bado yamo ndani ya ukuta yakakosa njia. Baada ya miezi michache rangi imefura malengelenge, plasta ukiigonga inalia tupu, na lawama zote anabebeshwa Mungu na mvua yake.

Mvua yenyewe tunaijua. Sisi wa kusini hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga. Tuna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, pengine Mei. Na vimbunga si hadithi za ng'ambo. Wazee wa Lindi walisimuliana kile cha Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth alitupita karibu akaenda kupiga Cabo Delgado ya Msumbiji, hapo ng'ambo ya mto Ruvuma. Mei 2024 alikuja Hidaya, na barabara ya kwenda Dar ikakatika Somanga. Kwa hiyo tusijenge wala tusikarabati kama watu wanaoshtukizwa.

Maji yakiingia ndani, cha kwanza ni umeme. Zima meni swichi, na kama ili uifikie lazima ukanyage maji, usiiguse. Ita fundi umeme au watu wa TANESCO. Soketi iliyozama haiwashwi tena kwa sababu tu imekauka kwa nje, ifunguliwe kwanza. Piga picha ya kila kitu kabla hujasogeza, zitakufaa kwa mwenye nyumba au kwa bima kama unayo. Vaa viatu vya mpira na glavu, kwa sababu maji ya mafuriko ya mjini yamepita chooni kwa jirani kabla hayajafika kwako. Godoro la sponji lililolowa maji hayo litupwe. Najua linauma, lakini ukilianika juu litakauka, ndani halitakuwa safi. Viti vya mbao, vyombo, nguo: hivyo vinaoshwa na kubaki.

Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili kwenye kitu kilicholowa, hasa dari ya jipsamu, mbao laini na migongo ya makabati. Ndiyo maana kabati lisogezwe mbali na ukuta siku ile ile. Ukuta ulioota ukungu usiuswaki ukiwa mkavu, utaurusha chumba kizima. Loweka kitambaa kwa maji ya sabuni, futa, kisha ndiyo utumie dawa yenye klorini. Na klorini hiyo usiichanganye na dawa kali ya kusafishia choo, inatoa hewa ya sumu. Mwenye pumu asiwepo kabisa kwenye kazi hiyo.

Halafu kuna hili la kuwasha jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili chumba kikauke. Jamani, jiko hilo linaua. Chumba kinakaushwa na upepo. Fungua madirisha ya pande mbili kuanzia saa nne asubuhi hewa inapokuwa kavu, funga jioni unyevu ukianza kurudi. Kama una feni, ielekeze itoe hewa nje dirishani.

Sasa nije kwenye ukuta wenyewe, maana hapo ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Tofali la simenti la inchi sita, likishiba maji, halikauki kwa wiki mbili. Makadirio ambayo watu wa ujenzi wanayatumia ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukuta unaopumua pande zote mbili utakwenda kasi zaidi, lakini bado tunazungumzia miezi. Ukitaka kujua kama umekauka, usiupapase kwa kiganja. Chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, kiache siku mbili. Ukikuta umande kwa ndani, upande unaotazama ukuta, basi ukuta bado unatoa maji. Ukiwa nje ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumba, fungua madirisha. Kipimo hiki hakina gharama, na bado nimewaona watu wakinunua ndoo tatu za rangi bila kukifanya.

Na sisi wa pwani tuna mgeni mwingine: chumvi. Ule unga mweupe unaotoka ukutani wengi wanadhani ni simenti mbovu. Maji yanapopanda kutoka chini au kutoka ndani ya ukuta hubeba chumvi, yakifika usoni yanakauka na kuiacha pale. Chumvi ile inajijenga ndani ya vitundu vya plasta na kuipasua taratibu. Mbaya zaidi, inavuta unyevu wa hewani, ndiyo maana ukuta unaweza kulowa usiku wa joto hata kama mvua haijanyesha. Msiuoshe ukuta huo kwa maji, mtairudisha chumvi ndani. Uswakini kwa brashi kavu, uzoeni unga wote mkautupe mbali na msingi. Unga huu si ukungu. Msije mkachanganya dawa za wawili hawa.

Nusu ya chumvi hiyo tumeiingiza wenyewe. Mchanga wa ufukweni ni rahisi, uko karibu, unachotwa usiku. Fundi mwaminifu huuonja mchanga kabla ya kuukoroga. Nacheka, lakini nasema kweli: weka punje ulimini, teme, kisha amua.

Mikindani pale mnaona vizuri ninachosema. Nyumba za zamani, na hata Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo zinakunywa maji na kuyatoa, zimefanya hivyo miaka mingi. Mtu akirithi nyumba ya babu yake anaona chokaa inachakaa, anaipiga plasta ya simenti iwe ya kisasa. Ni kumvalisha mtu aliyelowa koti la mvua. Simenti inayafungia maji, yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yanafika kwenye boriti, boriti inaanza kuoza na mchwa wanapata taarifa. Ukuta wa namna hiyo bandua simenti kwa tindo, polepole, mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Uache upumue kiangazi chote. Kisha urudishe plasta ya chokaa, ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi, na umalizie kwa chokaa ya kupaka. Tumieni chokaa ya mifuko ya dukani, ya kuchoma matumbawe tuachane nayo. Na mlinde macho.

Nyumba za miti na udongo ni hivyo hivyo: udongo kwa udongo. Ukuta uliosimama ndani ya maji ushikizwe kwa miti kabla hamjalala ndani, unaweza kuanguka siku ya pili au ya tatu wakati watu wameshasema hatari imepita. Na baraza, ile tuliyoidharau tukaivunja ili gari liingie, ilikuwa inalinda mguu wa ukuta. Upenu mrefu nao ulikuwa na kazi. Leo tumeleta mapaa ya kuficha bati, yamezungushiwa ukuta juu, maji yanategemea mfereji mmoja uliojaa majani ya mwembe. Sisemi msijenge. Nasema mwenye paa hilo apande ngazi kila mwaka kabla ya Novemba.

Kuhusu kuvuja kwa bati nitasema kwa kifupi. Doa la darini mara chache liko chini ya tundu. Maji yanatembea juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kisha yanadondoka yanapotaka. Mtu mmoja aingie darini na tochi, mwingine amwage maji juu ya bati akianzia chini na kupanda kidogo kidogo mpaka kwenye kofia, bati linalofunika kilele cha paa. Mara nyingi mtakuta ni misumari; upepo wa bahari umeila, na mpira wake umekwisha.

(Maswali. Mama mmoja wa Chuno alisimama: “Mwalimu, unatuambia plasta na rangi tungoje kiangazi. Hela ya korosho inaingia Oktoba, Novemba. Ikifika Juni, hela hiyo iko wapi?” Ukumbi ulicheka na kupiga makofi.)

Mama, umeligusa jambo lenyewe. Pesa yetu na mvua yetu vinakuja pamoja, ndiyo maana mji mzima unapaka rangi Desemba juu ya kuta mbichi. Basi hela ya korosho ifanye kazi za juu: bati, misumari, kofia, mifereji ya bati, matanki. Hizo hata mvua ikianza zinakufaa siku ile ile. Rangi nunua kama unaogopa kuila hela, ndoo isiyofunguliwa inatunzika kivulini. Simenti usinunue, ikikaa miezi kwenye unyevu wetu inapoteza nguvu hata kama haijagandamana. Hela yake mpe mtu mgumu akutunzie, si mume. (Kicheko.) Mchanga nunua mapema kabisa, Novemba hiyo hiyo, uumwage uani juu ya sakafu ngumu yenye mteremko. Mvua za msimu mzima zitauosha, chumvi nyingi itaondoka, na Juni kusi likishakaza utakuwa na mchanga mzuri kuliko aliouleta fundi jana yake. Uzungushie matofali usichukuliwe na maji. Na paka wa jirani, mama, huyo mtakabiliana naye wenyewe.