Mweusi wa Wapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanataaluma wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokuja kwa sababu mahudhurio yanaandikwa,

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa kimataifa katika utafiti wa saratani ya tezi dume miongoni mwa wanaume weusi. Walionisikia mwaka jana na mwaka juzi wanajua nitaanzia wapi, nami sioni haya kuanzia palepale, kwa kuwa jambo lenyewe halijasogea. Neno linalonikwaza katika mada hii ni hilo la mwisho: weusi.

Takwimu mnazijua. Nchini Marekani mwanamume mweusi hufa kwa saratani hii kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya kile cha mweupe, na Uingereza mmoja kati ya wanne huipata maishani mwake, ilhali kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Sina ugomvi na takwimu hizo. Ugomvi wangu ni na safari inayofuata baada yake, pale mtafiti anapopanda ndege kuja Afrika kutafuta chanzo cha tofauti hiyo katika damu yetu, kana kwamba mkulima wa Singida na dereva wa basi wa Chicago ni kitu kimoja kilichogawanywa na bahari.

Waafrika waliovushwa Atlantiki kwa minyororo walitoka hasa Senegambia, pwani ya Ghana, Ghuba ya Benin, Kongo na Angola. Waliouzwa katika soko la Unguja walielekezwa zaidi mashambani mwa karafuu, Oman, Ghuba na visiwa vya Bahari ya Hindi. Nao wajukuu wao wa Muscat sijawahi kuwaona katika pendekezo lolote la utafiti nililoletewa nilipitie. Kwa hiyo ni haki kabisa kwamba muungano wa watafiti ujulikanao kama MADCaP ulijenga kazi yake juu ya vituo vya Dakar, Accra, Ibadan, Abuja, Johannesburg na Cape Town, ukatengeneza hata kifaa chake cha kusomea vinasaba, kwa kuwa vilivyokuwapo vilibuniwa kwa kutazama vinasaba vya Wazungu. Ni kazi nzuri, naisifu. Lakini itazameni ramani hiyo, kisha mniambie upande huu wetu wa Afrika Mashariki uko wapi.

Najua mtaniambia kwamba Uganda imo katika tafiti za vinasaba. Ndiyo, imo, na wenzetu wa Makerere wanastahili heshima, maana Kampala ina daftari la usajili wa saratani tangu miaka ya 1950, wakati wengi wetu hatukuwa na hata rafu ya kuwekea daftari lenyewe. Wao ndio waliotusaidia kuona kwamba eneo la kromosomu ya 8 liitwalo 8q24 lina uzito kwa wanaume wa huku pia. Nakubali pia kwamba vinasaba vina sehemu yake: uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa zaidi ya 107,000, ulikadiria kwamba wastani wa hatari ya kurithi kwa wanaume wenye asili ya Afrika ni zaidi ya mara mbili ya ule wa wenye asili ya Ulaya. Lakini katika wagonjwa wote hao, wenye asili ya Afrika walikuwa takriban mmoja kati ya kumi, na wengi wao ni Wamarekani. Tunapewa jina la bara zima kwa sampuli ya kona yake.

Kuna pingamizi jingine, nalo hunichosha kwa sababu huletwa na watu wenye akili. Husemwa kwamba Tanzania ina visa vichache kuliko Marekani, kwa hiyo huenda tuna kinga fulani inayofaa kuchunguzwa. Jamani! Mwaka 1992 visa vya saratani hii nchini Marekani vilifikia kilele ambacho hakikuwahi kuonekana kabla yake. Je, tezi za Wamarekani zilibadilika kwa miaka mitano? Kilichobadilika ni kwamba kipimo cha damu cha PSA, ambayo ikipanda hudokeza saratani hii, kilikuwa kimeenea. Sisi mgonjwa wetu huhesabiwa pale anapofika amefungiwa mkojo siku mbili, au analalamikia mgongo kumbe ugonjwa umeshaingia mifupani. Na yule aliyefia nyumbani kwa "maumivu ya kiuno" hahesabiwi popote. Uchache wa namna hiyo ni uchache wa daftari.

Sasa niwaeleze habari ya mzee mmoja. Najua wengine mmeshaisikia, nanyi mtavumilia.

Mzee huyu aliletwa kwangu akiwa amebebwa na wanawe wawili, miguu imekufa ganzi. Tulipompima, PSA yake ilikuwa imepita 100, na picha ya uti wa mgongo ilijieleza yenyewe. Katika mfuko wake wa nailoni, pamoja na kadi ya kliniki na risiti za dawa za mgongo, kulikuwa na kikadi kidogo chenye namba. Nilipomwuliza, alisema kwa fahari kwamba alikuwa mshiriki wa utafiti. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo wataalamu walifika kijijini kwao, wakawatoa damu wazee wenye afya, ili walinganishwe na wagonjwa. Yaani mzee wangu aliandikishwa kama mtu asiye na saratani.

Niliandika barua. Nilijibiwa kwa adabu sana kwamba damu ilipimwa ng'ambo, PSA ya mshiriki huyo ilionekana kuwa juu, na kwa sababu hiyo aliondolewa katika uchambuzi, kwa kuwa mtu wa namna hiyo huharibu ulinganisho. Kuhusu kumjulisha, fomu ya ridhaa ilisema wazi kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja hayatarudishwa. Kila kibali kilikuwapo, na hata mkataba wa uhamishaji wa sampuli ulikuwa na mihuri yote.

Nilimweleza. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, daktari, walijua?" Nikamjibu kwamba walijua. Akasema, "Basi wangemtuma hata mtoto."

Hapo ndipo neno "mweusi" linapofanya kazi yake. Ukishaamini kwamba jibu limo katika damu ya watu weusi, unaihitaji damu tu. Aliyeitoa anabaki kuwa chombo kilichoileta. Wenzetu wa Marekani wenyewe wameshaona kasoro hiyo kwao: utafiti wao wa RESPOND, uliozinduliwa mwaka 2018 kwa lengo la kuandikisha wanaume weusi 10,000, unauliza juu ya mitaa wanamoishi, ubaguzi na msongo wa maisha, si vinasaba peke yake. Tena uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, wa wanaume zaidi ya laki tatu, ulionyesha kwamba penye tiba inayolingana, pengo la vifo baina ya weusi na weupe wenye ugonjwa wa hatua ileile karibu linatoweka. Iweje basi wakifika huku wasiulize mgonjwa alisafiri kilomita ngapi ili kinyama cha tezi kichukuliwe kipimwe maabara, na majibu ya patholojia yalikaa wiki ngapi?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu kuhusu majaribio ya dawa, nitaiacha. Kuhusu uchunguzi wa mapema niseme tu kwamba Uingereza jaribio la TRANSFORM limeahidi kwamba angalau mmoja kati ya kila kumi watakaoalikwa atakuwa mwanamume mweusi, jambo jema, ila majibu yake yatatoka katika nchi yenye kipimo cha MRI, na sisi tutayapokea tukiwa na kidole cha daktari cha kupapasia tezi kwa njia ya haja kubwa.

Kwa wajumbe wa kamati za maadili waliomo humu, pendekezo litakalofika mezani kwenu bila kifungu kinachosema nani atampigia simu mshiriki mwenye majibu mabaya, na ni hospitali ipi imekubali kwa maandishi kumpokea, lirudisheni. Msilirekebishe kwa niaba yao.

Maswali sasa. Tuanze na yule kijana wa nyuma, ambaye amekunja miguu tangu niliposema kidole.