Anodi Inayojila: kaboni yenye metali na utoaji wa oksijeni kutoka majini

Ndugu zangu, tunapovunja maji kwa umeme tunapata haidrojeni na oksijeni; haidrojeni leo tuiache. Hiyo hutoka katodi, yaani ncha hasi, kwa elektroni 2 tu, haina makuu. Anayetutoa jasho ni mwenzake wa upande wa anodi, ncha chanya. Ili ipatikane molekuli moja ya oksijeni, maji lazima yanyang'anywe elektroni 4, hatua kwa hatua, na kila hatua ina ukaidi wake. Kwa hesabu za karatasini volti 1.23 zingetosha. Maabarani hazijawahi kutosha, na kazi ya kichocheo, kitu kinachorahisisha mmenyuko, ni kuipunguza hiyo volti ya ziada.

Maji yakiwa na asidi, kichocheo tunachotegemea ni oksidi ya iridi, metali iliyo adimu kuliko dhahabu. Ndiyo maana watu wamehamia kwenye kaboni: unachukua mata yenye kaboni na naitrojeni, unatia chumvi ya kobalti, nikeli au chuma, unachoma kwa nyuzi 700 hadi 1,000 za Selsiasi pasipo hewa. (Nikisema chuma msifikirie msumari. Ikiandaliwa vizuri, ni atomi mojamoja, kila moja imeshikwa na naitrojeni, mara nyingi nne.) Kaboni inapitisha umeme, metali inafanya kazi. Kwenye alkali, kinyume cha asidi, matokeo yanavutia.

Yanavutia mno, na hapo ndipo mimi huanza kushuku. Kaboni inaweza kugeuka kaboni dioksidi kuanzia volti 0.21 hivi, chini kabisa ya hizo 1.23. Inasalimika kwa sababu tu huungua polepole mno. Basi ukiona mkondo wa umeme umepanda usishangilie. Huenda anodi inajila yenyewe, na mita haiwezi kukwambia. Kamata gesi, uipime. Kila elektroni 4 zilizopita zikulipe molekuli 1 ya oksijeni. Zisipolipa, kuna kingine kinacholiwa.

Na hata oksijeni ikitimia, uliza nani kaitoa. Mwaka 1987 mtafiti Corrigan alionyesha kwamba chembe za chuma zilizomo kwenye alkali kama uchafu huingia kwenye oksidi ya nikeli na kuipa nguvu isiyo yake. Isitoshe, zile atomi mojamoja zinaweza kuhama zikiwa kazini, zikakusanyika kuwa oksidi.

Kijana wa pale nyuma ameuliza: kwa nini basi tusiachane na kaboni? Kwa sababu kuna betri ya zinki na hewa. Humo elektrodi (ncha ya betri) ileile hutoa oksijeni wakati wa kuchaji na kuila wakati wa kutumika, na katika kuila, kaboni yenye chuma ni hodari kwelikweli.